Picha za Kutazamwa na Wachache

Picha nzuri kuliko zote nilizopiga katika harusi za Mombasa hamtaziona. Zimo majumbani mwa wenyewe, ndani ya makabati na masanduku, na nyingine zimo katika simu ambazo nywila zake zinajulikana na mtu mmoja tu. Mimi mwenyewe sikubaki na nakala. Wapiga picha wenzangu huniuliza kazi isiyoonekana ni kazi ya namna gani, na fundi atajulikanaje asipoonyesha alichofanya. Ni swali la haki kwa mtu ambaye kamera ndiyo inayompa chakula. Lakini kila ninapoingia katika chumba anamotayarishwa bi harusi, naona kwamba jibu limo humo humo chumbani, nami nataka kulisema kwa urefu, kwa sababu nachelea kwamba mwendo wa siku hizi unatusahaulisha.

Chumba chenyewe huwa cha ndani, ghorofani, katika nyumba za Mji wa Kale zilizosogeleana hata watu wa madirisha mawili wakaweza kupeana chumvi juu ya kichochoro. Jua halifiki humo moja kwa moja. Linapiga ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, na ule mwanga uliokwisha kupoa ndio unaoingia dirishani na kumwangukia aliyeketi karibu. Sijaona taa ya kununua inayoweza kuufanya uso wa mtu mweusi, au wa maji ya kunde, ung'ae kwa utulivu namna ile. Nikishaingia, nikawaamkia wakubwa mmoja mmoja na kubusu mikono, huomba ruhusa ya kuzima taa ndefu za dari zinazowapaka watu rangi ya kijani, kisha nambembeleza bi harusi asogee dirishani. Hakuna anayebisha. Bibi zao walishona kofia na kusukana nywele kwenye dirisha hilo hilo, wanaujua mwanga wake kabla yangu.

Humo ndani kila kitu kina wakati wake, na mpiga picha anayefuata saa ya mkononi peke yake atayakosa mengi. Asmini huchumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, zikatungwa uzini, ili zije zifumbuke usiku zikiwa tayari kichwani mwa bi harusi. Ukizipiga picha saa kumi utapata vitone vyeupe. Ukizipiga saa mbili usiku utapata maua. Hina nayo ikibanduliwa mkononi huwa na rangi ya chungwa, na msichana asiyeijua huingiwa na hofu kwamba haikukamata. Huiva polepole, ikaenda kwenye wekundu wa tofali, na kufikia siku ya pili yake imekuwa kahawia iliyokolea. Ni majani ya mhina yaliyosagwa na kuchekechwa, maji ya ndimu, sukari kidogo ili ishike, na kila fundi ana siri yake anayoongeza akiwa amewapa watu mgongo. Kwa hiyo picha ya hina iliyokamilika haipigwi siku ya hina. Siku hiyo yenyewe hupigwa picha ya kungoja: binti amenyoosha mikono yote miwili juu ya mito, hawezi kujikuna wala kushika kikombe, na dada yake anamlisha tende mdomoni.

Kabla ya hayo kuna siku za singo. Liwa, karafuu na maua ya waridi yaliyokauka hutwangwa, vikakandwa kwa marashi, na bi harusi akasuguliwa mwili mzima mpaka ngozi ikawa mpya. Mimi humo simo, wala sistahili kuwamo. Naingia singo ikiwa imekwisha kufanya kazi yake, na kamera inakuta matokeo tu: shavu na mkono vinavyopokea mwanga wa dirisha bila ya kipodozi chochote.

Napenda kumpiga picha wakati huo, kabla wapambaji hawajafungua masanduku yao. Nawaheshimu wapambaji, kazi yao ni ngumu na wengi wana mikono ya ajabu. Lakini baadhi yao humwekea mtu uso ambao si wake. Poda huchaguliwa daraja mbili au tatu juu ya rangi ya mwenyewe, kwa kisingizio kwamba taa za ukumbini zitaila, na mwisho wake uso unakuwa wa mtu mmoja na mikono ya mtu mwingine. Halafu huja ombi kwamba nami nikamalizie kwenye kompyuta, nimng'arishe zaidi. Hilo silifanyi. Namweleza binti, tukiwa wawili, kwamba rangi yake haina kasoro ya kurekebishwa, na kwamba lawama anazoibebesha ngozi yake ni za mitambo. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Mwanamitindo wa mwanzo aliitwa Shirley, na kadi zote zilizofuata zikabaki na jina hilo. Rangi ya ngozi iliyotoka vizuri kwa Shirley ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi, sisi wengine tukatoka meno na macho. Waliofanya kazi katika kampuni hiyo wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosaidia kuifanya ijitahidi zaidi na rangi za kahawia yalikuwa ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Mbao zilisikilizwa kabla ya nyuso zetu. Binti akilijua hilo, mara nyingi humwambia mpambaji mwenyewe apunguze.

Kamera ina nguvu nyingine juu ya chumba hiki ambayo wengi hawaitazami. Fundi wa hina akiuliza, "Tutie piko?", bi harusi hujibu kabla hajafikiri: ndiyo, inatoka vizuri kwenye picha. Ni kweli, mstari mweusi wa piko unasomeka hata kwenye simu mbovu. Lakini sehemu kubwa ya piko inayopakwa leo ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na kuna mikono iliyovimba malengelenge ikaacha alama za maua ambazo hazikutoka tena. Mkono wa mtu si ukurasa wa kuandikwa kwa ajili ya lenzi. Nikiulizwa, na siku hizi nasema hata nisipoulizwa, napendekeza hina tupu. Rangi yake nitaitafuta mimi, ni kazi yangu. Mwanga wa ubavuni ukiipata, ile kahawia iliyoiva ina kina ambacho weusi hauna.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko yote ambalo picha haina njia nalo. Bi harusi wa pwani ameandaliwa kwa ajili ya pua kabla ya jicho. Mashuka yake yamefukizwa, nguo zake zimetandazwa juu ya tenga la kufukizia, nywele zimesimama juu ya moshi wa chetezo mpaka udi umeingia kwenye kila uzi. Kikuba cha kifuani kimefungwa kwa asmini, rehani na mkadi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 hali mgonjwa, alimkumbusha kuoga na kusinga, asmini, udi, hina na wanja, na leo sisi tusiokuwa na picha ya yule binti tunajua harufu ya chumba chake. Hilo hunifikirisha sana. Maneno ya mama mmoja yalihifadhi kile ambacho kamera, iliyokuwa tayari imekwisha kuvumbuliwa wakati huo, isingeweza kukihifadhi. Mimi ninachoweza ni kusimama upande wa pili wa moshi, dirisha likiwa nyuma yake, ili udi uonekane unavyopanda na kujikunja. Anayeijua harufu ile atainusa akiiona picha. Asiyeijua ataona moshi.

Na hapo ndipo ninapoanza kulijibu swali la wenzangu. Picha ya chumba hiki haikamiliki ndani ya fremu. Inamaliziwa na anayeitazama, kwa yale anayoyakumbuka. Ukimpa mtazamaji asiye na kumbukumbu hizo, umempa nusu, naye kwa kuwa hajui kwamba ni nusu, ataijaza kwa mambo yake.

Tumeshaona inavyokuwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja zilipiga picha za wanawake ili ziuzwe kwa wasafiri wa meli. A. C. Gomes na ndugu Coutinho, Wagoa waliofanya biashara hiyo, wameacha postikadi nyingi za namna hii: mwanamke kajifunga kanga, mkono mmoja kiunoni, macho kwenye lenzi. Chini yake pameandikwa kwa lugha ya kigeni kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au mrembo wa Unguja. Jina lake halipo, wala la mama yake. Kadi ikabandikwa stempu ikaenda Ulaya, ikapokewa na mtu asiyekuwa na haja ya kujua huyu ni binti wa nani. Nimezitazama kadi hizo kwa muda mrefu. Baadhi zimepigwa kwa ustadi ambao ningefurahi kuwa nao. Kinachoniuma ni kwamba jicho lililokusudiwa lilikuwa la mtu wa mbali kabisa, na watu wake yule mwanamke, ambao wangemtambua kwa namna anavyofunga kanga tu, hawakuwamo katika hesabu.

Baadaye wanawake wenyewe waliishika kamera kwa masharti yao. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, walikwenda katika studio ya N. V. Parekh wakiwa ndani ya buibui, mlango ukafungwa, buibui likavuliwa, na chini yake mlikuwa na gauni, dhahabu, hina na nywele zilizofanyiwa kazi asubuhi nzima. Wakishapigwa, buibui likarudi, wakapita barabarani kama walivyokuja. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, aliyejifundisha mwenyewe na kuwa bingwa wa kukata na kupachika, akamweka mteja wake katikati ya mapambo ambayo hayakuwamo studioni. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Picha walizopiga watu hawa zilikwenda katika albamu na mikononi mwa mchumba, dada au rafiki. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza jinsi wanawake wa Kiislamu wa pwani walivyopigania mipaka ya nani awapige na nani awaone. Nilipokisoma nilifurahi kuona jambo la jikoni kwetu limeandikwa kwa uzito wake. Wale wanaosema sisi tunaiogopa kamera hawakutazama vizuri. Tuliipenda mapema, tena sana. Tulichokataa ni kuwa mali ya kila apitaye.

Katika chumba kile, basi, nampiga nani? Wapiga picha wengi humng'ang'ania bi harusi peke yake, na baadaye nyuso za maharusi wao wote zinafanana: macho chini, kope ndefu, ushungi. Mimi macho yangu huenda kwenye mikono iliyomzunguka. Mikono ya shangazi inayofunga kikuba kwa kidole gumba kilichopinda kwa miaka ya kukuna nazi. Ya mama mdogo anayepima bangili ipi itapita bila ya kumwumiza. Ya mtoto wa kike aliyepewa kazi ya kushika kioo na anaishika kazi hiyo kwa pumzi zake zote. Bi harusi katika saa hizo haamui kitu. Anainuliwa, anageuzwa, anaambiwa fumba, fumbua. Ameachiwa watu wote waliowahi kumwosha alipokuwa mdogo, nao wanamshika kwa mara ya mwisho akiwa wa nyumba hii. Picha inayokata mikono hiyo ili uso uonekane mkubwa imelikata jambo lenyewe.

Hufika wakati somo, mwanamke anayemfunda bi harusi, ananitazama. Hasemi neno, nakusanya lenzi zangu natoka, na mlango unafungwa. Yanayosemwa humo ni ya kumfunda mwari: namna ya kuishi na mtu, namna ya kuutunza mwili wake na wa mwenzake, namna ya kusema hapana, na mengine ambayo mimi niliambiwa zamu yangu ilipofika na siyaandiki. Wapo wanaonishauri nipige hata kivuli tu, hata mlango uliofungwa, kwa kuwa ni picha yenye maana. Sipigi. Mlango uliofungwa ukipigwa picha unakuwa tayari umeanza kufunguliwa. Nakaa ukumbini na wengine, nakunywa kahawa ya tangawizi, nasikiliza nyanya wawili wakibishana juu ya wimbo upi wa vugo uliimbwa kwenye harusi ipi, na wakati huo wa kukaa bila ya kamera ni sehemu ya kazi. Wanaonifungulia tena baadaye wananifungulia kwa sababu nilitoka.

Usiku wa kupamba, mlangoni mwa ukumbi, kuna meza na mwanamke mwenye sauti nzito anayezipokea simu na kuzitia ndani ya mifuko yenye nambari, au anaziba kamera zake kwa karatasi ya gundi. Ndani, wanawake mia kadhaa wamevua mabuibui na wamejipamba kwa ajili ya kuonana wao kwa wao. Wageni wa mjini huudhika wakinyang'anywa simu. Nawaelewa, simu siku hizi ni pochi, ramani na mawasiliano na mtoto aliyeachwa nyumbani. Lakini nimewahi kuona nyumba iliyoingiwa na msiba kwa sababu ya video ya sekunde chache iliyotoka ukumbini na kuzunguka mji mzima kabla ya alfajiri. Aliyeirekodi hakuwa na nia mbaya, alimtumia rafiki. Msichana aliyeonekana akicheza hakuwa hata bi harusi. Alikuwa mgeni, na aliacha kwenda harusini kabisa. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na ni jambo jema, ila sheria huja na fidia baada ya tukio. Meza ya mlangoni inalizuia.

Ndiyo maana masharti yangu ni mafupi. Siku ile ile, kabla sijaondoka, kadi ya kumbukumbu namkabidhi bi harusi au mama yake. Wakitaka nizisafishe picha, nakuja nyumbani kwao na kompyuta yangu, nakaa mezani kwao, na nikimaliza nafuta mbele yao. Kuna mabinti wanaoniambia, "Mimi sijali, weka popote," na ni haki yao, uso ni wao. Kwa hao nasubiri. Nawaambia waniulize tena baada ya fungate, wakiwa wameshalala na kuamka mara kadhaa katika hali yao mpya. Wachache hurudi na jibu lile lile, nami huwatii. Wengi hawarudi.

Kati ya saa zote za kazi hii kuna moja ninayoiona kubwa, nayo karibu haina pambo. Kwetu nikahi hufungwa msikitini, na bi harusi hayuko. Yuko chumbani, amekwisha kuvishwa, anangoja habari zake mwenyewe.

Nitasimulia moja, kwa idhini ya mwenyewe. Baba yake alikuja mlangoni baada ya alasiri na mashahidi wawili nyuma yake. Alikohoa kwanza, wanawake wakajitanda leso. Akauliza kutoka nje ya pazia, "Mwanangu, waniruhusu nikuozeshe?" akamtaja kijana kwa jina lake na la babake, akaitaja mahari. Kuna wengi wanaoshikilia kwamba kimya cha mwanamwali ni ridhaa, na ni mafundisho tuliyoyapokea. Lakini shangazi yake huyu alikuwa amemwambia tangu asubuhi, mimi nikisikia: "Mwanangu, wewe sauti Mungu amekupa. Baba yako akikuuliza mjibu, akasikie njiani kote mpaka msikitini." Akajibu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisema, "Nakuruhusu, baba," na nyuma ya pazia tukamsikia yule mzee akivuta pumzi.

Kisha wanaume wakaenda zao. Jua likachwa, adhana ya magharibi ikapita, ikapita na isha. Mwanga wa dirisha ulikwisha, nikawa na taa moja ya pembeni tu, na kamera nimeishusha hadi sehemu moja ya 60 ya sekunde, kasi ambayo mtu akitikisika anatoka na ukungu. Chumba kilikuwa na wanawake wengi na mazungumzo machache. Mama alikuwa anamrekebisha bintiye kikuba ambacho kilikuwa kimekaa sawa tangu zamani. Simu ya kaka wa bi harusi ilipoita kutoka msikitini, shangazi aliipokea, akasikiliza, wala hakusema kitu. Aliinua kidole kimoja tu juu.

Bi harusi hakuitazama simu wala kidole. Aliitazama mikono ya mama yake iliyokuwa imesimama kifuani pake, imekishika kikuba, haiendi mbele wala nyuma. Hapo ndipo nilipobonyeza. Vigelegele vilipasuka baada yake, na picha za vigelegele ninazo pia, yaani wao wanazo, nazo ni za furaha na ni nzuri. Lakini ile ya kabla ndiyo. Mikono ya mama imetoka na ukungu kidogo, maana ilikuwa inatetemeka. Mtu wa mashindano angeitoa kwa kasoro hiyo. Uso wa binti uko wazi kabisa, na ukiwa unamjua utaona kwamba sura ya mama yake, ile ya mashavuni, imemjia wakati ule ule.

Nilipomwonyesha mama kwenye kioo cha kamera, aliitazama kwa muda, akasema hiyo asiitumie mtu kwa simu. Alitaka ichapishwe karatasini, nakala moja ya kukaa kabatini mwake na nyingine ya kumpelekea mama yake mkubwa aliyeko Muscat, aliyeolewa huko ujanani na ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ndege. Nilizichapisha kwenye karatasi isiyong'aa, nikahakikisha wekundu wa hina umetoka kama ulivyokuwa. Ile ya Muscat ilisafiri na jirani aliyekuwa akienda kumwangalia mwanawe, imefungwa ndani ya leso mpya, ndani ya mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Nilikuwapo nyumbani kwao, nakusanya vitu vyangu, bibi yule alipopiga simu. Mama aliiweka simu juu ya meza ya jikoni ili sote tusikie. Hakuanza na pongezi.

"Huyu hina kapakwa na nani?" aliuliza. "Maua mpaka kwenye kiwiko, ya nini? Sisi tulikuwa tunakomea hapa kwenye kifundo, na kucha zote zimejaa. Na kikuba mbona sikioni kina mkadi?"

"Mkadi haukupatikana, mama mkubwa. Tulitafuta."

"Mlitafuta wapi? Ungenambia mimi, ningewapigia watu wangu Lamu wangekuletea kwa basi la asubuhi." Kikapita kimya, tukasikia karatasi ikigeuzwa huko. "Haya. Na mpiga picha yupo? Mwambie nataka nyingine, inayoonyesha mkono wa kushoto."